Wolpepa roli ngapi zinatosha chumba chako: hesabu vipande, achana na skwea mita

Kabla hujatoa hela yako Kariakoo soma hii kwanza, maana mi ilinikuta. Tulipohamia nyumba ya Tabata sebule ilikuwa imechakaa rangi, mke wangu akasema tuweke wolpepa, nikaenda dukani na vipimo vyangu kwenye kikaratasi, kijana wa duka akapiga kikokotoo cha simu haraka haraka akaniambia bro nane zinakutosha kabisa na utabakiza. Nikabeba nane. Saa kumi na moja jioni fundi yuko ukuta wa mwisho, ule wa mlangoni, ananiita bosi mzigo umekata, bado vipande vitatu. Kesho yake nimerudi dukani nikapata dizaini ileile, namba ileile, tumebandika, ila mchana jua likiingia unaona kabisa ule ukuta una kijani chake peke yake. Kila mgeni akija macho yanaenda palepale.

Sasa yule kijana hakunidanganya. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, tatizo ni kwamba alipiga hesabu ya rangi kwenye kitu ambacho sio rangi. Rangi ikibaki kwenye kopo unaipaka kokote, lakini wolpepa inashuka kipande kizima kutoka juu mpaka chini, na kipande cha mita moja kilichobaki mwisho wa roli hakiwezi kuwa ukuta wa karibu mita tatu hata ukikibembeleza. Kwahiyo kitu cha kuhesabu ni vipande.

Kwanza, vipimo

Tafuta futi ya chuma ile inayojirudi yenyewe, kalamu, karatasi, na mtu wa kukushikia upande wa pili. Usitumie ile futi ya fundi cherehani maana ikishatumika sana inavutika. Na usichukue vipimo vya kwenye ramani. Chumba changu kwenye ramani kiliandikwa 12 kwa 14, yani futi, ambayo ni kama mita 3.66 kwa 4.27, lakini baada ya plasta na skimu (ile plasta laini ya mwisho) tulivyopima wenyewe tukapata 3.60 kwa 4.20. Andika kila kitu kwa sentimita, achana na futi na inchi kabisa, kwasababu roli zenyewe zimeandikwa kwa mita na ukichanganya hapo ndo makosa yanaanzia.

Pima upana wa kila ukuta, ukuta mmoja mmoja. Kama kuna nguzo imetokeza katikati ya ukuta, izungushe futi ifuate ile nguzo, usiruke moja kwa moja, nguzo iliyotokeza sentimita 20 inaweza kukuongezea sentimita 40 hapo, 20 kila ubavu, na karibu kipande kizima. Jumlisha kuta zote. Mimi: 360 + 420 + 360 + 420 = 1560, yani mita 15.6 kuzunguka chumba.

Halafu urefu wa kwenda juu. Hapa wengi wanapima sehemu moja wanaandika. Pima sehemu tatu au nne, konani na katikati, uchukue ile kubwa kuliko zote, maana sakafu zetu hazijanyooka na silingi ndo usiseme. Pima kutoka juu ya skating (ule mkanda wa chini ya ukuta) mpaka chini ya konisi ya jipsamu (ule mkanda wa juu kwenye silingi), pale wolpepa inapoanzia na kuishia kwelikweli. Yangu ilikuwa 278, 279, 280, 278. Nikaandika 280.

Mlango na madirisha pima pembeni, andika tu kwanza, usitoe bado. Mlango wangu upana 90 na urefu 210, dirisha moja 150 kwa 150, limeanzia sentimita 90 kutoka chini.

Soma lebo ya roli, usimsikilize muuzaji

Roli nyingi za dukani zina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10, zingine zimeandikwa 10.05. Hizo ni skwea mita 5.3. Ila sio zote! Zile za kubandua karatasi nyuma na kubandika kama stika nyingi ni sentimita 45 kwa mita 10. Zipo pia zile nene pana za Kikorea, upana mita 1.06 na urefu mita 15.6, roli moja inafika skwea mita 16 na nusu. Kwahiyo mtu akikwambia "mi sebule yangu ilikula roli nne" muulize roli gani, vinginevyo hiyo habari haina kazi.

Kwenye lebo angalia pia alama za mishale. Kimshale chenye sifuri pembeni maana yake hamna ua la kulinganisha, unakata unabandika, hiyo ndo rahisi kuliko zote. Mishale miwili inaangaliana kwa usawa, hapo ua la kipande hiki linakutana na ua la kipande cha pili kwenye usawa uleule. Mishale miwili mmoja umepanda mwingine umeshuka, hiyo ua linaruka nusu kila kipande, na pembeni utaona namba mbili kama 64/32, yani ua linajirudia kila sentimita 64 na kipande cha pili kinashuka 32. Kama kuna namba moja tu, mfano 53 au 64, hiyo ni sentimita ambazo ua linajirudia. Iandike hiyo namba, tutaihitaji.

Hesabu yenyewe, wolpepa isiyo na maua ya kulinganisha

Chukua mzunguko wa chumba gawa kwa upana wa roli. 1560 ÷ 53 = 29.4. Hamna kipande cha nukta nne, kwahiyo 30. Siku zote unapandisha, hata ikija 29.1.

Urefu wa kipande ni urefu wa ukuta ukiongeza sentimita 10, tano juu tano chini, za kukata na wembe baada ya kubandika. Usione kama ni uharibifu, hizo ndo zinazookoa pale silingi ilipopinda. 280 + 10 = 290.

Roli moja inatoa vipande vingapi? 1000 ÷ 290 = 3.4. Hapa sasa unashusha, sio kupandisha: vipande 3. Ile nukta nne ni mabaki ya sentimita 130 kwa kila roli na ndo iliyoniua mimi, maana kwenye skwea mita inahesabika kama ukuta.

Vipande 30 ÷ 3 = roli 10.

Sasa njoo kwenye mlango na dirisha. Mlango wa sentimita 90 unameza kipande kimoja kizima cha 53, dirisha la 150 linameza viwili. Unatoa vitatu, unabaki na 27, ambavyo ni roli 9 kamili. Lakini juu ya mlango kuna sentimita 70 zinataka kufunikwa, chini ya dirisha kuna 90, juu yake 40. Hizo unazikata kwenye yale mabaki ya sentimita 130, na kwa roli tisa una mabaki tisa wakati unahitaji vipande vidogo vitano tu, kwahiyo inatosha. Tisa za kufanyia kazi na moja ya akiba, jumla 10.

Ona sasa kwa skwea mita: 15.6 × 2.8 ni 43.68, toa mlango 1.89 na dirisha 2.25 inabaki 39.54, gawa kwa 5.3 unapata 7.46, unapandisha unasema nane. Nane zinatoa vipande 24. Chumba kinataka 27. Vitatu vilevile fundi alivyonidai jioni ile.

Akiba ya roli moja sio anasa. Kwanza ile hesabu ya mlango kumeza kipande inategemea mlango umeangukia wapi, kipande kikianza katikati ya fremu basi hukuokoa kitu. Pili, kwenye kona fundi hazungushi kipande kizima, anakikata kipite kona kama sentimita moja au mbili halafu anaanza upya kwa timazi (ile kamba yenye uzito ya kunyooshea wima), kwahiyo kona nazo zinakula. Tatu mtoto akichana au bomba likivuja baada ya mwaka utatoa wapi ya kufanana.

Ikiwa ina maua makubwa

Mama zetu wanalijua hili bila kusoma kokote. Ukimpelekea fundi cherehani kitenge cha maua makubwa anakuambia ongeza kitambaa, kwasababu ua la kifuani lazima likutane vizuri na ua la mgongoni, ukutani ni hivyohivyo tu.

Chukua urefu wa kipande, gawa kwa ile namba ya kwenye lebo, pandisha, zidisha tena. Mfano ua linajirudia kila 64: 290 ÷ 64 = 4.5, pandisha iwe 5, mara 64 ni sentimita 320. Yani ukuta unataka 290 lakini kila kipande kinakula 320 kwenye roli. 1000 ÷ 320 bado ni vipande 3, kwahiyo kwenye sebule yangu idadi ya vipande kwa kila roli haibadiliki. Kinachobadilika ni mabaki. Zamani ulikuwa na 130, sasa una 40, haifuniki chini ya dirisha, na hata ingefunika ua lisingekutana. Kwahiyo kwa wolpepa ya maua usitoe mlango wala dirisha, hesabu kama ukuta mzima: vipande 30, roli 10, akiba moja, nunua 11.

Halafu kuna kitu kinachowashangaza watu. Tuseme nyumba yako ni ya zamani, silingi iko juu, urefu 320. Kipande ni 330. Isiyo na maua inatoa vipande 3 kwenye roli (990, imegusa mstari), roli 10 zinamaliza vipande 30. Lakini ukichagua yenye ua la 64: 330 ÷ 64 = 5.2, pandisha 6, mara 64 ni 384, na 1000 ÷ 384 inakupa vipande 2 tu! Vipande 30 kwa viwili viwili ni roli 15. Chumba kilekile, upana uleule, umebadilisha ua tu na umeongeza roli tano, na kila roli inakuachia zaidi ya mita mbili za kutupa. Ukiwa na ukuta wa urefu huo kama bajeti ni ya kubana chagua isiyo na ua au yenye ua dogo, mi naona ni bora kuliko kulilia punguzo dukani.

Ile ya mishale iliyopishana, 64/32, hesabu yake ni ileile ila mwambie fundi afungue roli mbili kwa pamoja, vipande vya kwanza, vya tatu, vya tano avikate kwenye roli A, na vya pili, vya nne avikate kwenye roli B. Akikata vyote mfululizo kwenye roli moja anapoteza sana kwenye kila mruko. Mafundi wengine hili hawalijui au wanalijua lakini karatasi sio yao.

Silingi iliyoshushwa

Ukishusha jipsamu mpaka 240, kipande ni 250 na roli ya mita 10 inatoa vine kamili bila mabaki. Inavutia, 30 ÷ 4 ni 7.5 yani roli 8. Ila kwasababu hamna mabaki, hata hapa usitoe madirisha. Na pima kwanza roli ilivyo mwanzoni, kama imechanika sentimita mbili tatu kwenye kusafirishwa kile kipande cha nne kitakuwa kimekaba, hapo fundi apunguze akiba ya kukata iwe 8 badala ya 10.

Ukuta mmoja tu

Wengi siku hizi hawafuniki chumba chote, ni ukuta wa tivii au wa nyuma ya kitanda, na kwa joto letu la pwani na kuta zinazovuta unyevu naona ndo akili yenyewe. Ukuta wa 420: gawa kwa 53 ni 7.9, vipande 8, kwa vitatu vitatu ni roli 3, na unabaki na kipande kimoja cha akiba bila kununua cha ziada. Ukuta wa 360 ni vipande 7, bado roli 3. Muuzaji akikwambia mbili zinatosha kwasababu "tivii itaziba katikati" mkatalie, tivii unaweza kuihamisha mwakani.

Hapo kwenye ukuta mmoja chagua hata lile ua kubwa unalolitaka, maana hasara yake ni roli moja sio tano.

Zile pana za 1.06 nazo hesabu ni hiyohiyo. Sebule yangu nzima: 1560 ÷ 106 = 14.7, vipande 15. Roli ya mita 15.6 kwa 290 inatoa vipande 5. Roli 3 kamili, lakini hakuna hata kipande cha ziada, na kununua ya nne kwa ajili ya akiba inauma kwasababu ni kubwa na bei yake sio ya mchezo. Hizi za stika za sentimita 45 ni kinyume: 1560 ÷ 45 ni vipande 35, kwa vitatu vitatu ni roli 12, wakati muuzaji anaziuza kama ni sawa na zile za 53.

Vile vibao vya sponji vya mfano wa tofali ni habari nyingine, vile unavihesabu kama vigae. Vingi ni sentimita 70 kwa 77. Ukuta wa 420 kwa 280: 420 ÷ 70 ni 6 kwa upana, 280 ÷ 77 ni 3.6 pandisha 4 kwa urefu, 6 × 4 ni vibao 24, ongeza viwili.

Kabla hujalipa

Kila roli ina namba ya bechi kwenye lebo, yani mkupuo iliyotengenezwa nao kiwandani, tofauti na namba ya dizaini. Namba ya dizaini ikifanana na bechi ikitofautiana rangi inaweza kupishana, kidogo tu, ila ukutani inaonekana, muulize mgeni yeyote aliyekaa sebuleni kwangu. Zipange roli zote kaunta, soma bechi moja moja, kama ya saba ni tofauti irudishe hapohapo watafute nyingine stoo. Kama hawana za kutosha bechi moja, tumia zile za tofauti kwenye ukuta unaojitegemea, mfano ule ulioko nyuma ya mlango, na usizichanganye kwenye ukuta mmoja.

Uliza kabisa kabla ya kutoa hela kama roli ambayo haijafunguliwa inapokelewa. Maduka mengi yana ile karatasi imebandikwa, mali ikishauzwa hairudishwi, ila ukiongea vizuri kabla, wapo wanaokubali ndani ya siku chache ikiwa na nailoni yake. Baada ya kulipa maongezi yanakuwa mengine.

Gundi ya unga imeandikwa kwenye pakti inatosha roli ngapi, fuata hiyo, ila kama ukuta umepigwa skimu mpya na haujapakwa praima unakunywa gundi, ongeza pakti moja. Na kama chini ya ukuta kuna ile chumvi nyeupe inachanua, huo ukuta usiuhesabu kabisa kwa sasa, utibu kwanza ukauke, maana hapo hata ukinunua roli mia zitaachia.

Siku ya kazi mwambie fundi akate kipande kimoja kwanza akisimamishe ukutani bila gundi. Kikitosha juu na chini ndo akate vingine kwa kipimo hicho. Mi wa kwangu wa mara ya pili, chumbani, alikata vitano kwa mkupuo kwa kutumia namba niliyompa, bahati nzuri nilikuwa nimepima sehemu nne.

Ile ya akiba usiifungue. Ilaze, usiisimamishe maana inajikunja chini, na usitoe lebo. Ya chumbani kwangu iko juu ya kabati mpaka leo, na nusu ya roli nyingine iliyobaki kwenye kazi mtoto ameshavalisha madaftari yake yote ya darasa la tatu na mwalimu akamsifia.